Mwongozo kamili: kupanga njia tulivu ya baiskeli Ufaransa, kutoka Beaune hadi Mâcon

Kila mwaka ikifika Mei naanza kupokea ujumbe wa aina moja. Mtu amechukua likizo, amepanda treni na baiskeli yake hadi Bourgogne, eneo la mizabibu mashariki mwa Ufaransa, kichwani ana picha ya kijito upande huu na mizabibu upande ule. Siku ya kwanza tu anajikuta pembeni mwa barabara ya malori, ameng'ang'ania usukani kila lori linapompita. Swali lake huwa lilelile: hizo njia tulivu mnazozisifia ziko wapi?

Zipo, tena nyingi. Ila ukiiachia simu ikuchagulie, itakupa njia fupi. Na ukifuata mto kwa macho kwenye ramani, utaangukia barabara kuu, kwa kuwa waliochonga barabara kuu nao waliufuata mto huohuo. Kazi ya kutafuta utulivu inafanyika mezani, jioni moja kabla ya safari.

Nitafundisha kwa njia moja ya kweli: Beaune, Santenay, Givry, Cluny, Mâcon. Ni takriban kilomita 120, siku tatu kwa mtu anayependa kusimama na kutazama. Ukishaielewa, namna hiyohiyo ya kufikiri itakufaa kwenye mabonde ya Loire, Lot na Dordogne.

## Vitu vya kuwa navyo

Baiskeli yenye tairi za milimita 32 hadi 38. Tairi nyembamba za mashindano zinakwenda vizuri kwenye lami, lakini njia za mizabibuni zina vipande vya zege vyenye nyufa na kokoto zilizomwagika kutoka mashambani.

Tyubu mbili, viraka na solusheni, vyuma vya kung'olea tairi, pampu. Vijijini huku huwezi kumkuta fundi chini ya mwembe kila baada ya kilomita mbili kama tulivyozoea. Fundi yuko mjini, na Jumatatu aghlabu amefunga. Angalia pia vali ya tyubu zako: baiskeli nyingi za barabarani zina vali ile nyembamba, na pampu ya vali nene haiingii.

Ramani ya karatasi. Michelin ya 1:150,000 inatosha. Betri ikiisha, karatasi haiishi. Zaidi ya hapo, karatasi inakuonyesha bonde zima kwa mpigo mmoja, jambo ambalo kioo cha simu hakiwezi.

Simu yenye ramani iliyokwisha kupakuliwa, pamoja na kishikizo cha kuifunga kwenye usukani. Kuishika mkononi ukiwa unaendesha ni kosa kisheria.

Taa ya mbele na nyuma, kengele, na kizibao kinachoakisi mwanga. Kizibao ni lazima usiku nje ya miji na pale mwanga unapokuwa hafifu. Taa utazihitaji hata mchana. Utaona kwa nini tukifika Cluny.

Chupa mbili za maji na koti jepesi. Hata Julai.

Anayetoka Tanzania au Kenya aongeze visa ya Schengen na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Anza mapema, huo peke yake ni mlima mkubwa kuliko yote iliyo kwenye njia hii.

## Hatua ya 1: Soma namba ya barabara kabla hujaiamini

Barabara za Ufaransa zina herufi na namba. A ni barabara kuu za magari ya kasi, ambako baiskeli hairuhusiwi. N ni za taifa, ziepuke. D ni za wilaya kubwa wanazoziita département, na hapa ndipo watu wanapokosea, kwa sababu D ni jina moja lenye tabia mia. Kuna D ambayo nyasi zimeota katikati, na kuna D inayobeba malori usiku na mchana.

Dalili ya kwanza ni namba zinazoanzia mia tisa na kitu. Nyingi zilikuwa za taifa zikakabidhiwa wilaya: jina limebadilika, malori hayakubadilika. Kwenye njia yetu kuna tatu za kuandika kwenye karatasi na kubandika kwenye usukani: D974, inayopita chini ya milima ya mizabibu ya Beaune, D978, inayotoka Chalon kwenda Autun na kukatiza Mercurey, na D981, inayoteremka kutoka Chagny kupitia Givry na Buxy hadi Cluny. Hizi utazikata kwa kuvuka tu. Usizifuate.

Dalili ya pili ni rangi kwenye ramani. Kwenye Michelin, nyekundu ni kubwa, njano ni ya kati, nyeupe ni ndogo. Lenga nyeupe. Ukiona nyeupe au njano yenye mstari wa kijani pembeni, wachora ramani wanakwambia mandhari yake ni mazuri.

Tahadhari: nyeupe ni tulivu, lakini haikuahidi tambarare. Tafuta vimshale vidogo juu ya barabara. Kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu zaidi ya 13. Ncha ya mshale inaelekea juu. Ukiwa na mizigo kwenye keria, vimshale vitatu maana yake utashuka na kusukuma.

Umefaulu ikiwa unafika njia panda, unatazama kibao chenye namba, na unajua ugeuke wapi kabla ya kuona gari hata moja. Kibao cha D kina namba juu ya njano, cha N juu ya nyekundu, na vile vyeupe vyenye herufi C ni vya barabara za kijiji. Ukiona C, tabasamu.

## Hatua ya 2: Tafuta barabara kubwa kwanza, kisha hamia upande wa pili

Watu wengi huanza kwa kutafuta barabara ndogo. Anza na kubwa. Ipake wino mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho wa bonde, kisha jiulize: upande wa pili wa mto kuna nini?

Ufuo mmoja wa mto mara nyingi ni mpana na tambarare, na huko ndiko walikoweka lami pana na reli. Ufuo wa pili umebanwa na kilima, hivyo kimebaki kijia cha kuunganisha vijiji. Magari yanayopita masafa hayana haja nacho. Mfano mzuri uko Loire kati ya Tours na Saumur: D952 inapita juu ya tuta upande wa kaskazini, magari yakiwa mengi, ilhali njia ya baiskeli ya La Loire à Vélo inapita zaidi upande wa kusini, kupitia Villandry na Candes-Saint-Martin.

Kwenye mizabibu ya Bourgogne kanuni inasimama wima. Hakuna mto wa kuvuka, kuna mteremko. D974 iko chini kwenye tambarare, vijiji viko juu kidogo, na kati ya vijiji kuna vijia vya wakulima vinavyopita katikati ya mizabibu. Kwa hiyo hapa "upande wa pili" ni "juu kidogo". Nusu kilomita tu kutoka kwenye malori unasikia ndege.

Umefaulu ikiwa mstari wako wa kalamu na ule mwekundu vinakutana mara chache, na kila vinapokutana ni kwa kukatiza.

## Hatua ya 3: Chora njia kijiji kwa kijiji

Usiandike "Beaune" na "Mâcon" halafu ukabonyeza kitufe. Programu ikipewa ncha mbili inajaza katikati kwa akili zake. Weka alama kila kijiji unachotaka kupita. Mimi hutumia BRouter, programu ya bure ya kuchora njia, juu ya CyclOSM, ramani ya waendesha baiskeli ambayo inaonyesha njia za baiskeli na aina ya uso wa barabara. Ukimaliza, pakua faili la GPX, lile linalobeba mstari wa njia yako, uliweke kwenye simu.

Kisha rudi mwanzo ukague kipande kwa kipande mambo mawili: namba ya barabara, na uso wake. Hilo la pili hudharauliwa sana. Mstari mwembamba katikati ya mizabibu unaweza kuwa zege safi, na unaweza kuwa udongo ambao trekta pekee ndiyo inauweza.

Niliwahi kuifuata programu moja kwa upofu siku iliyofuata mvua. Ilinipeleka kwenye kijia cha udongo wa mfinyanzi mweupe. Baada ya mita mia mbili udongo ulijaa kati ya tairi na breki, magurudumu yakagoma kuzunguka. Nikaibeba baiskeli begani kama mtu aliyenunua mbuzi mnadani, huku mzee mmoja aliyekuwa akipogoa akinitazama kwa huruma. Tangu siku hiyo, kipande chochote kisichoonyesha lami au zege nakitafutia picha ya barabarani kwanza. Nisipoipata, nazunguka.

Tahadhari: njia fupi ya kuokoa kilomita mbili mizabibuni huwa haiokoi chochote.

## Hatua ya 4: Chagua siku na saa

Barabara ileile ina sura mbili kwa siku. Saa 2 asubuhi watu wanakwenda kazini. Saa 11 jioni wanarudi. Kati ya saa 6 na saa 8 mchana Ufaransa ya vijijini inakula. Duka linafungwa, trekta linazimwa, na barabara inabaki yako. Hizo saa mbili ni dhahabu, nami huziwekea vipande vyangu vibaya vya barabara, vile ambavyo haviepukiki.

Lakini dhahabu hiyo ina bei. Kama hujanunua mkate kabla ya saa 6, utaendesha na njaa. Mikahawa inayopika inapokea watu mwanzoni mwa saa hizo. Ukitokea saa 8 kamili jiko limefungwa, wala kubembeleza hakusaidii. Jumapili alasiri karibu kila kitu kimelala, na Jumatatu maduka mengi ya mkate yamefunga. Angalia pia sikukuu za Julai 14 na Agosti 15.

Maji ni rahisi ukijua siri moja: makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye bomba kwa ajili ya kumwagilia maua. Ingia kwa heshima, vua kofia, jaza chupa. Soma kibao kwanza: *eau potable* ni maji ya kunywa, na likiwepo neno *non* katikati, acha.

Kuhusu msimu, Mei na Juni ni bora. Ila asubuhi tulivu zisizo na upepo ndizo wakulima wanazotumia kupulizia dawa mizabibu. Ukiona trekta inatoa ukungu, simama mbali ipite, au zunguka. Septemba mizabibu inavunwa: ni pazuri mno, lakini vijia vimejaa matrekta na matope yenye maganda ya zabibu yanayoteleza kama bamia. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari kuna uwindaji, hasa Jumapili. Ukiwa msituni vaa kile kizibao hata mchana.

## Hatua ya 5: Kaa kulia

Wasomaji wa Kongo, Rwanda, Burundi na Oman mnaweza kuruka aya hii. Sisi tuliozoea kushoto, wa Tanzania, Kenya na Uganda, tuna hatari ambayo haitokei mjini. Mjini magari yanakukumbusha. Hatari iko hasa kwenye barabara tupu, baada ya mapumziko: umekaa, umekula, umepanda baiskeli, na mwili unakwenda kushoto wenyewe. Hakuna gari la kukusahihisha mpaka lile linalotokea kwenye kona. Mimi nimefunga uzi mwekundu upande wa kulia wa usukani. Ni jambo la kitoto, na linafanya kazi.

Kiplefti nacho kinageuka: huku unazunguka kuanzia kulia, na unawapisha walio ndani, wanaotokea kushoto kwako. Kinyume chake, kwenye makutano ya vijijini yasiyo na alama yoyote, anayetokea kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitoka kichochoroni. Usisubiri kibao, kutokuwepo kwa kibao ndiko kunakokupa sheria.

Mengine kwa ufupi. Visikizi vya masikioni haviruhusiwi ukiwa unaendesha, faini ni euro 135. Kofia ngumu ni lazima kwa walio chini ya miaka 12, na kwa wengine ni busara. Dereva anayekupita lazima akuachie mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Na kiwango cha pombe cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinamhusu mwendesha baiskeli pia. Anayetaka kuonja mvinyo aonje jioni, baiskeli ikiwa imefungwa kwenye nyumba ya wageni. Asiyekunywa aulize *jus de raisin*, sharubati ya zabibu.

## Hatua ya 6: Safari yenyewe

Beaune hadi Santenay, kilomita 22 hivi. Tafuta vibao vya Voie des Vignes, Njia ya Mizabibu, upande wa kusini-magharibi wa mji. Vibao vya baiskeli ni vyeupe na kijani. Utapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Majina hayo kwenye chupa yanauzwa kwa bei ya ng'ombe, lakini kuyapita kwa baiskeli ni bure.

Njia hii si ya baiskeli peke yake. Utakutana na trekta refu lenye miguu minne mirefu, lililotengenezwa kupita juu ya safu ya mizabibu. Dereva yuko juu sana na huenda hakuoni. Simama, shuka, sogea pembeni. Yeye yuko kazini, wewe uko likizo. Wala usichume zabibu hata moja. Kila safu ina mwenyewe. Waliokulia Dodoma mizabibu haitawashangaza, ila watashangaa ilivyo mifupi na ilivyobanana.

Santenay hadi Givry. Hapa una hiari mbili. Ya tambarare: shuka kwenye mfereji wa Canal du Centre, uufuate kupitia Chagny hadi Chalon-sur-Saône, kisha panda njia ya kijani inayoelekea Givry. Ni ndefu zaidi lakini mtoto anaiweza. Ya vilima: kutoka Chagny ingia Rully, Mercurey, Mellecey, Givry kwa barabara nyeupe. Hii ndiyo ninayoipenda. Kwenye Mercurey vuka D978 kwa uangalifu na uondoke mara moja.

Kosa la hapa ni moja, na nimelisikia mara nyingi: mtu anatoka Chagny, anaona kibao kikubwa cha Givry, anakifuata. Kibao hicho kinampeleka D981. Vibao vikubwa vimewekwa kwa ajili ya magari.

Givry hadi Cluny, kilomita 44. Kipande hiki ni zawadi. Ni reli ya zamani iliyotandikwa lami na kufunguliwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Ufaransa. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, na kwa sababu hiyo hata wewe hutaupanda. Alama yake ni kibao cha mraba cha buluu chenye mtembea kwa miguu, baiskeli na farasi. Utapita Buxy, Saint-Gengoux-le-National, kisha bonde la mto Grosne, Cormatin penye kasri, na Taizé, ile jumuiya ambayo nyimbo zake huimbwa hata makanisani kwetu. Taizé kwenyewe ni juu ya kilima, nje kidogo ya njia. Kupanda ni kwa jasho lako.

Kila penye makutano na barabara kuna vizuizi vya kukupunguza kasi. Pembe za mifuko ya keria hugonga hapo. Punguza mwendo mapema.

Cluny hadi Mâcon, kilomita 25 hivi. Njia inapanda taratibu hadi kwenye handaki la Bois Clair, lenye urefu wa kilomita 1.6. Vaa koti kabla ya kuingia, maana ndani ni baridi kama jokofu, na washa taa zako ingawa handaki lina taa. Wakati wa baridi hufungwa ili popo walale. Hapo itabidi upande juu ya kilima kwa barabara. Ukitokea upande wa pili, kasri la Berzé-le-Châtel linakutazama kutoka juu na mizabibu ya Mâcon inaanza. Kuanzia hapo ni mteremko.

Umefaulu ikiwa umefika Mâcon na umeziona D974, D978 na D981 kwa kuzivuka tu, dakika chache kwa siku.

## Hatua ya 7: Treni ya kurudi

Beaune, Chagny, Chalon na Mâcon ziko kwenye reli moja ya treni za mkoa, TER, kati ya Dijon na Lyon. Hiyo ina maana ukichoka au mvua ikikataa kukatika, unaweza kukatiza safari popote kati ya hizo. Angalia masharti ya baiskeli ya treni yako kabla ya siku, kwa kuwa yanabadilika kwa msimu, na epuka saa za watu kwenda na kurudi kazini.

Teremsha mifuko yote kutoka kwenye keria kabla treni haijaingia. Inasimama dakika moja au mbili, na baiskeli yenye mizigo haipandi ngazi.

Mwisho, soma tiketi yako mara mbili. Mâcon ina vituo viwili. Mâcon-Ville kiko mjini, karibu na mto Saône, na ndicho cha TER. Mâcon-Loché TGV, cha treni za kasi, kiko nje ya mji, kilomita kadhaa kusini-magharibi. Aliyekata tiketi ya Loché akaenda kusubiri Ville ataiona treni yake kwenye kioo cha simu tu, ikiondoka.